Nilikuwa mgawa beji chumba cha eksirei Korogwe enzi za Mwingereza: maneno mawili niliyotafsiri ovyo yalivyomponza Mzee Athumani

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa zangu kama bado mpo humu, shikamooni. Wadogo, marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia maana najua mtasahau.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nasoma, natoka. Lakini juzi kuna mtu kaweka uzi analalamika. Alimpeleka mama yake kupiga eksirei, mhudumu akamlaza mama kwenye meza, kisha akakimbilia nyuma ya ukuta akamwacha mgonjwa peke yake. Akauliza, kama kile kitu ni salama mbona wao wanakikimbia. Mkamuunga mkono kurasa tatu nzima, mnawatukana wahudumu.

Nimekereka. Leo siku ya tatu bado nimekereka. Nikasema hili naliandika, hata kwa kidole kimoja.

Nitakayosema yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Shule yangu ni darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda mnivumilie, na hii simu nayo inajifanya inajua Kiswahili kunishinda. Umri wangu unakaribia tisini. Sina cheo ninachotafuta. Na kuna pahala katika habari hii mimi ndiye ninayeonekana vibaya. Hapo napo nitapita, sitaparuka.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, sasa nakaa Kwamndolwa. Enzi za Mwingereza nilikuja Korogwe nikapata kibarua cha mizigo pale stesheni. Kiingereza changu chote nilikiokota kwenye makasha. Nilijua "huku juu", nilijua "kioo ndani", nilijua "kisilowane". Basi.

Siku moja likashushwa kasha kubwa, wenzangu wanalibiringisha tu kama gunia la mahindi. Nikawaambia liacheni, limeandikwa huku juu. Mzungu aliyekuja kulipokea akageuka akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasema. Ndani ya kasha ilikuwa mashine mpya ya eksirei, ya kuchukua nafasi ya ile kuukuu. Wiki ya pili yake mimi ni karani wa hospitali, Kiingereza kingine nakiokota humo humo kazini.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya shamba la katani, upande wa kwenda Magoma. Jina la shamba silitaji. Limeshakufa, na wajukuu wa walioikata katani ile ndio nyie mnaolima mahindi juu yake leo.

Yule mzungu alikuwa ndiye daktari. Sisi tulimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Ila alikuwa na ugonjwa wa barua. Wakubwa zake walimwandikia kwamba mashine hii ina madhara, lazima awepo mtu wa kusimamia usalama, aandike, apime, atoe taarifa. Bwana Miwani akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniona mimi.

Ndivyo nilivyokuwa msimamizi wa usalama wa eksirei, wakuu. Darasa la nne. Siku hizi naambiwa kazi hiyo mtu anaisomea chuo kikuu miaka na miaka.

Sasa nisikilizeni shida zake.

Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mbao, ndani umepigwa bati la risasi, ile madini, ili ule mwanga wa mashine usitoke nje. Bwana Miwani akanifundisha namna ya kuupima. Unachukua filamu ndogo ikiwa ndani ya karatasi yake nyeusi, unaibandika nje ya mlango, juu yake unabandika senti kumi, zile za zamani zenye tundu katikati. Unaacha wiki. Kisha unaisafisha filamu. Ukiona kivuli cha senti, mviringo na tundu lake, ujue mlango unavuja. Usipoona kitu, mlango ni mzima.

Akili nzuri sana. Tatizo ni kwamba senti kumi ilikuwa inanunua maandazi.

Wiki ya kwanza ikaibiwa. Wiki ya pili ikaibiwa. Nikaandika karatasi "USIGUSE", wakaiba senti, wakaiba na karatasi. Mwisho nikabandika nati ya chuma niliyoiokota karibu na jenereta. Fundi wa jenereta akaja juu, anataka nati yake, anasema kumbe mwizi ni mimi.

Tulikuwa pia na aproni mbili za risasi za kuvaa mfanyakazi. Nzito, utadhani umebeba mtoto kifuani. Mlinzi wa bohari akaja kuniazima moja, kasikia hospitali kuna nguo inayozuia risasi za bunduki. Nikamwambia mzee wangu, hii ni nguo ya risasi, siyo nguo ya kuzuia risasi. Akanitazama, akasema, "Karani, kama hutaki sema tu hutaki."

Nyie mnacheka. Mimi sikucheka.

Chumbani walikuwa wawili. Wa kwanza Mzee Athumani, Mzigua mwenzangu, mtu wa karibu miaka hamsini. Alikuwa amekata katani miaka mingi mpaka mgongo ukamkatalia, wakamleta hospitali kufagia. Kwenye kufagia akaitazama mashine, akaielewa, na ilipofika siku mpiga picha aliyekuwepo akaondoka, Mzee Athumani ndiye aliyeshika. Alikuwa hodari. "Vuta pumzi. Shikilia. Haya pumua." Kambini kwa wafanyakazi wa shamba watoto walimwita Mzee Pumua. Nyumbani kwake watu walikuwa wanakula kwa sababu ya chumba kile, na yeye alikijali kama msikiti.

Wa pili Mama Luiza, Mmakonde, wazazi wake walikuja kama manamba, vibarua wa mkataba, akazaliwa kambini. Yeye aliwahudumia akina mama na kufunga vidonda. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini ukiumwa ungemtaka yeye.

Sasa zikaja beji.

Zililetwa kwenye kibati kwa posta. Vipaketi vidogo vya mraba, vyeusi, ndani kuna kipande cha filamu na vibati viwili vitatu vya madini. Mfanyakazi anavaa mwezi mzima. Mwisho wa mwezi mimi nakusanya, naandika majina, napeleka stesheni, zinakwenda mbali huko kusomwa. Majibu yanarudi baada ya miezi. Filamu ikiwa imeingia weusi, mwenye beji amepigwa sana na ule mwanga. Ikiwa nyeupe, yuko salama.

Sasa hivi nimewaeleza kwa mistari sita mmeelewa. Siku ile sikueleza hivi.

Bwana Miwani alituita, akasimama na beji mkononi, akasema kwa Kiingereza, mimi natafsiri. Akasema mashine hii inatoa mwanga usioonekana kwa macho. Nami nikasema: "Humu ndani kuna mwanga asiyeonekana."

Wakuu wa huku kwetu mmeshashtuka. Kwa wale wa mbali: mwanga ni nuru, ndiyo. Lakini mwanga pia ni mchawi, yule anayetembea usiku uchi. Na mimi kwa haraka ya kutafsiri nikasema asiyeonekana badala ya usioonekana. Silabi mbili tu.

Akaendelea kwamba mwanga huo unaingia mwilini na mtu hahisi kitu, madhara yanatokea baadaye. Nikatafsiri. Mama Luiza akafanya ishara ya msalaba.

Akanyanyua beji akasema hii ni kwa ajili ya "protection" yenu. Neno hilo nililijua, lilikuwa kwenye makasha ya vioo. Nikasema: "Hii ni kinga."

Mzee Athumani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa jambo analolijua tangu utotoni.

Akauliza, "Haifunguliwi?"

Nikamuuliza Bwana Miwani. Akasema haifunguliwi kabisa.

"Hailoweshwi?"

Hailoweshwi.

"Chooni mtu anaingia nayo?"

Hilo niliona aibu kuliuliza, lakini nikauliza. Bwana Miwani akacheka, akasema hapana, asiingie nayo, isije ikatumbukia.

"Na nyumbani, kwa mama watoto?"

Akasema nyumbani isiende, ibaki kazini.

Mzee Athumani akaipokea kwa mikono miwili. Wakuu, masharti yote ya hirizi yalikuwa yametimia pale, moja baada ya jingine, na mzungu ndiye aliyeyathibitisha. Hata mganga wa Handeni asingepanga vizuri zaidi.

Na mimi nilikuwa nimesimama katikati, nimeridhika, najiona nimetafsiri vizuri.

Ngoja nikaswali alasiri, nakuja.

...

Nimerudi. Naona kijana mmoja kaandika hapo chini "mzee hii chai", yaani natunga uongo. Sawa. Chai haina kovu, mwanangu. Soma mpaka mwisho ndipo uniambie.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kunitia wazimu. Mwisho wa mwezi nakwenda kukusanya beji, Mama Luiza kaishonea yake kifuko cha kitambaa na rozari humo humo. Siku ya kumvua ni ugomvi. "Unaninyang'anya, na mpya haijaja, leo nifanye nini?" Mzee Athumani yeye hakuibana shatini kama tulivyoagizwa. Aliifunga mkononi juu ya kiwiko, chini ya shati, kwa uzi mweusi.

Nilimwona. Nikasema bora anaivaa.

Kisha wagonjwa wakaanza kuja kwangu. Mwanamke katoka Kerenge kwa miguu, na kuku mkononi, anaomba "ile ya hospitali" kwa sababu watoto wake wanakufa. Nikamwambia mama, hii ni ya wafanyakazi. Akalia. Nikamrudishia kuku wake, akakataa kumchukua, kuku akabaki anazunguka ofisini siku nzima ananichafulia karatasi. Nikafoka, nikawafokea wote, wapishi, wafagizi, kila aliyepita. Lakini hata siku moja sikukaa nikajiuliza watu hawa wanadhani beji ni nini. Niliona tu ni ujinga wao.

Majibu ya kwanza yakarudi. Bwana Miwani akaniita, uso mwekundu.

Beji yangu na ya Mama Luiza nyeupe, ukungu kidogo tu. Ya Bwana Miwani nyeupe. Ya Mzee Athumani nyeusi kama sufuria. Barua ikasema haikufunguliwa, maana vivuli vya vile vibati vya ndani vilionekana sawasawa. Ni mwanga wa mashine ulioipiga, na mtu aliyeivaa ameupata mwilini.

Akasema, "Huyu mtu anafanya nini humo ndani? Ikija nyingine kama hii namtoa. Atarudi shambani."

Shambani maana yake kukata katani. Kwa mgongo ule. Nilijua na yeye alijua.

Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo. "Uliwaeleza vizuri matumizi ya beji?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nikaenda kuchungulia. Kuna kidirisha cha kioo kizito nyuma ya ukuta wa mashine, pale ndipo mpigaji anapaswa kusimama. Pale alisimama Mama Luiza peke yake. Kaletwa mtoto wa kambini, kaanguka kwenye trela ya katani, mkono umevunjika, analia na kujinyonganyonga. Mzee Athumani kaiacha aproni kwenye msumari. Kamshika mtoto kwa mikono yake mwenyewe, mkono wake uko juu ya filamu pamoja na wa mtoto, anamwambia Mama Luiza aliyeko nyuma ya ukuta, "Bonyeza."

Walipotoka nikaiomba ile picha. Ilikuwa inaonyesha mkono mdogo uliovunjika, na vidole vya mtu mzima vimeushika. Mifupa mitupu, na pete yake.

Nikamwita pembeni. Tukazungumza Kizigua, maana hasira ya kweli haitoki kwa lugha ya kuazima.

Nikamwambia, "Baba, kwa nini huvai aproni? Kwa nini hujifichi?"

Akasema, "Nijifiche nini na kinga ninayo?" Akapandisha shati akanionyesha beji mkononi.

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu.

Na tena alikuwa na hoja. Filamu zilikuwa zinahesabiwa. Mtoto akitikisika picha inaharibika, na Bwana Miwani anamfokea yeye. Aproni inamvunja mgongo. Kinga kapewa na serikali yenyewe. Mtu mwenye akili angefanya nini?

Nikamwambia hii haikukingi na chochote. Hii inapima tu. Ni kama kile kipimo cha mvua kilichoko pale ofisi ya shamba. Kipimo hakizuii mvua, kinasema imenyesha kiasi gani. Beji yako imekwenda huko imesema unanyeshewa mno, na ikisema tena unatolewa.

Akashusha shati taratibu. Kisha akasema, "Kwa hiyo inasema."

Nikasema ndiyo, inasema.

"Na ulisema ni kinga."

Nikasema nilikosea neno.

"Karani, nguo ya mzungu umeshaivaa, sasa unaanza na maneno yake."

Akaondoka. Nikadhani ameelewa. Nikaongeza na mengine: nikamwambia Mama Luiza tutafute njia ya kushika watoto bila mkono wa mtu. Na hapa nampa sifa yake mama yule, kwa sababu wazo ni lake. Alichukua ubao, akamlaza mtoto, akamfunga kwa mbeleko, ile kanga ya kubebea mgongoni, akauacha wazi mkono uliovunjika tu. Mtoto akatulia. Watoto wanaijua mbeleko, wamezaliwa ndani yake. Hakuna vitabu vilivyotufundisha hilo.

Basi nikatulia. Nikaandika taarifa. Miezi ikapita, majibu yakarudi, beji ya Mzee Athumani nyeupe. Bwana Miwani akafurahi, akampa mkono. Mzee Athumani akautoa wa kushoto, akasema wa kulia una dawa ya kusafishia filamu.

Mimi ndiye niliyekuwa nafungua zile karatasi za majibu. Kila mwezi tulikuwa tunapeleka beji moja ya ziada isiyovaliwa na mtu, inakaa kwenye droo ya ofisi, ili wasomaji wapate kulinganisha. Nikaziweka karatasi pamoja. Beji ya Mzee Athumani ilikuwa sawasawa na ile ya kwenye droo. Mama Luiza ambaye hakai sana chumbani alikuwa na ukungu kidogo. Mimi mwenyewe ninayeingia na kutoka nilikuwa na ukungu kidogo. Mpiga picha mwenyewe hana hata chembe.

Nikaenda moja kwa moja kwenye koti lake lililotundikwa ukumbini. Beji ilikuwa mfukoni, pamoja na tambuu.

Nikaingia chumbani nikamkuta anafuta meza. Nikamwambia, "Baba, pandisha shati."

Akapandisha bila ubishi. Palepale juu ya kiwiko, kwa uzi uleule mweusi, kulikuwa na kipaketi kingine cha mraba. Kimeshonwa kwa kitambaa cheusi. Alikuwa amekwenda Handeni siku ya mapumziko akatengenezewa.

Akasema kwa upole kabisa, hana hata hasira, "Ile ya mzungu ina ulimi. Hii haisemi."

Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Nilitaka kumpiga. Mtu mzima sawa na baba yangu, nilitaka kumpiga.

Kisha nikaitazama mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu nifike pale. Ngozi ya vidole vya kulia ilikuwa imekauka inang'aa kama karatasi ya kufungia sukari. Kucha mbili zimepasuka kwa urefu. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na kidonda kidogo. Akasema ni ile dawa ya filamu tu. Kumbe mbeleko alikuwa anaitumia nikiwepo. Nisipokuwepo, foleni ikiwa ndefu, anashika kwa mikono kama zamani, maana ni haraka zaidi.

Nikamwendea Mama Luiza. Akasema kidonda kile anakifunga tangu masika na hakiponi. Akasema, "Nenda kamwambie daktari."

Nikamwambia nikisema anatolewa, watoto wake watakula nini.

Akasema, "Na usiposema, atawalisha kwa mikono ipi? Wewe ndiye uliyemfunga hirizi, karani. Utamfungua wewe."

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nikaenda.

Nilimweleza Bwana Miwani yote. Beji ya mfukoni, ile ya droo, watoto, hirizi ya Handeni, kidonda. Akamwita Mzee Athumani, akaitazama mikono kwenye mwanga wa dirisha, akainua vidole kimoja kimoja. Alikuwa mpole siku ile. Hakumrudisha shambani. Alisema atamwandikia mtu apokewe zahanati moja Handeni, akagawe dawa na kuandika wagonjwa, asikaribie mashine tena maisha yake yote.

Mzee Athumani alisikiliza na kofia yake mkononi. Hakuomba.

Alipotoka, Bwana Miwani akaniambia kaa uandike. Akanitajia barua neno kwa neno. Kwamba mtu huyu alielezwa ipasavyo. Kwamba hakufuata maelezo kwa sababu ya ukaidi na imani za kishirikina. Alipofika kwenye "alielezwa ipasavyo" akasimama, akanitazama juu ya miwani, akauliza tena. "Ulimweleza, sivyo?"

Pale ndipo pahala pangu, wakuu. Ningeweza kusema bwana, nilisema mchawi badala ya nuru, nilisema kinga badala ya kipimo, mtu huyu alifuata kila nilichomwambia. Alikuwa mtiifu kuliko sisi sote. Barua ingekuwa nyingine.

Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nikaiandika kwa mkono wangu, mwandiko mzuri, nikaikausha wino.

Siku ya kuondoka lori la kwenda Handeni lilisimama mbele ya hospitali. Nilikwenda kumbebea sanduku. Alikuwa ameshapanda, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Akainama karibu na sikio langu ili wengine wasisikie.

"Karani, neno langu umempelekea mzungu. La kwako mbona hukumpelekea?"

Lori likaondoka.

Vidole viwili vilikatwa baadaye Tanga, cha shahada na cha kati. Nilikwenda kumwona Handeni mara moja, uhuru ulikuwa umeshapita. Kanipokea vizuri, kachinja kuku. Tukala sinia moja. Alikuwa anakula kwa mkono wa kulia, kwa vidole vitatu, anamega tonge na kulichovya kwenye mchuzi bila kumwaga hata tone, na wala hakutaka kijiko. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kumwambia habari ya ile barua. Nikaanza, "Baba, siku ile..." Akasukuma nyama upande wangu. Akasema, "Kula, karani, kinapoa."

Nikala. Sikusema. Amekufa sijamwambia, na Bwana Miwani amerudi kwao anaamini kwamba alikutana na Mwafrika mkaidi.

Basi, nyie mnaowatukana wahudumu kwa sababu wanakimbilia nyuma ya ukuta. Mama yako anapigwa picha moja, mbili, anakwenda nyumbani. Yule anapiga kutwa, mwaka hadi mwaka. Akisimama pale kumshikia kila mtu mkono kwa huruma, mikono yake itakuwa kama ya Mzee Athumani. Mwacheni akimbie. Muulizeni tu kwa adabu kama mgonjwa kafunikwa panapostahili.

Na nyie mnaofanya kazi hizo: mtu akitikisa kichwa haraka sana unapomweleza, usifurahi. Mwambie akueleze yeye, kwa maneno yake, alichosikia. Mimi kama ningemuuliza Mzee Athumani swali hilo moja tu siku ile, angenijibu neno "hirizi", tungecheka, tungeanza upya.

Sasa naomba mnisaidie. Mjukuu wangu mmoja kalazwa majuzi hospitali moja kubwa huko mjini, nimekwenda kumwona, nikamwona binti wa eksirei na beji kifuani. Nikamuuliza, mwanangu, hiyo ni ya nini. Akasema, bila hata kufikiri, "Ya kunikinga na mionzi, babu."

Nimekaa kwenye benchi pale mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Wataalamu mliomo humu, mnawaambiaje vijana wenu? Kile kipaketi kwa Kiswahili mnakiitaje? Andikeni hapo chini, nasoma zote, hata zenye kunisema.